Kupima jinsi upepo unavyofifisha mtikisiko wa bawa
Funga bawa la mfano kwenye springi ndani ya handaki la upepo. Kabla ya kuwasha feni, livute milimita 10, liachie, rekodi. Mtikisiko ukishuka hadi milimita 5 baada ya mizunguko 10, gawa logi asilia ya 2 kwa 10, kisha kwa 2π: uwiano wa ufifishaji (kipimo cha jinsi mtikisiko unavyofifia haraka) ni 0.011. Huo ni wa springi na vifungio. Washa upepo, rudia. Ikichukua mizunguko 4 tu kushuka hadi nusu, uwiano ni 0.028; toa 0.011, upepo umechangia 0.017, mradi mitikisiko kwa sekunde haijabadilika sana.

Vilele vya mtikisiko kwenye rekodi vikishuka kwa mstari mnyoofu badala ya mkunjo, beringi zinazoshikilia bawa zinasugua; badala yake lishikilie kwa vipande vyembamba vya chuma cha springi. Kasi iongeze kidogo kidogo: ufifishaji wa jumla ukikaribia sifuri, zima feni haraka, maana ukipita hapo mtikisiko hautafifia bali utakua.