Anza na "kaya"

Uko Perth, Australia, na watoto wadogo, na unataka wajue lugha ya wenyeji? Anza na neno kaya. Kwetu ni watu wa nyumba moja. Kwa Wanoongar, wenyeji wa asili wa pale, ni salamu. Mtoto halisahau hilo.

Kisha toka naye nje, maana maneno haya yana ardhi yake, boodja. Akimwona yule ndege mweusi mwenye mabaka meupe akidonoa nyasi, mwambie: koolbardi. Majira nayo kwa Wanoongar ni sita, si manne: baridi na mvua ya Juni ni Makuru, maua ya Oktoba ni Kambarang.

Hadithi waachie wazee wa Kinoongar wazisimulie wenyewe. Wewe kaa chini na mwanao msikilize. Na mkihamia Melbourne, kaya iacheni Perth. Kule lugha ni nyingine.