Jinsi ya kuomba alama ya Clef Verte kwa nyumba ya wageni ya Lubumbashi

Wenye nyumba za wageni wengi hapa mjini, ukiwatajia utalii unaolinda mazingira, wanawaza moja kwa moja bei ya paneli za jua. Paneli zitangoja. Mkaguzi akifika ataomba kwanza karatasi za biashara na daftari la mita, na nyumba nyingi hazina hata moja ya hivyo viwili iliyo kamili.

Mwongozo huu ni wa hoteli ndogo, nyumba ya wageni au restora inayotaka Clef Verte, alama ya kimataifa ambayo mahali pengine huitwa Green Key. Ilianza Denmark mwaka 1994, na leo inasimamiwa na Foundation for Environmental Education, ambayo ofisi yake iko Copenhagen. Nimeichagua kwa sababu ina kundi la makazi madogo, na maelezo yake mengi yapo kwa Kifaransa, kwa hiyo mhasibu wako ataweza kuyasoma.

Anza na karatasi za nchi

Sharti mojawapo la Clef Verte ni kufuata sheria za nchi yako. Kwetu Kongo hiyo ina maana ya namba ya RCCM (rejista ya biashara), kitambulisho cha kitaifa cha biashara (Id. Nat.) na namba ya kodi, NIF. Zote tatu huombwa pamoja kwenye Guichet Unique de Création d'Entreprise, ofisi ya kuandikisha biashara. Peleka kopi ya kitambulisho chako, anwani kamili ya nyumba hadi avenyu na komini, na kama ni kampuni ya watu kadhaa, peleka pia statuts (katiba ya kampuni) zilizotiwa sahihi. Hakikisha jina la biashara limeandikwa sawasawa kila mahali. Nyumba inayoitwa «Chez Mama» kwenye kibao na jina jingine kabisa kwenye RCCM itakupa kazi ya kujieleza baadaye.

Watumishi waandikishwe CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Najua hapa ndipo wengi wanaposita, lakini masharti ya alama hii yanagusa pia haki za wafanyakazi, na mkaguzi anaweza kuzungumza na dada anayefua mashuka.

Kisha pita Division ya Utalii ya mkoa kwa ruhusa ya kuendesha nyumba ya kulaza wageni. Na ikiwa bado unajenga, hasa kando ya mto au porini kuelekea Kundelungu, ongea na Agence Congolaise de l'Environnement, wakala wa serikali wa mazingira, kabla fundi hajachimba msingi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inataka mradi unaoweza kuharibu mazingira ufanyiwe uchunguzi wa athari kwanza. Ukisubiri mpaka kuta zimesimama, umechelewa.

Daftari

Nunua daftari gumu, la kurasa nyingi. Kila mwezi, siku ileile, andika namba ya mita ya maji na ya umeme, lita za mafuta zilizoingia kwenye gurupe (jenereta), magunia ya makala (makaa) yaliyoingia jikoni, na usiku ambao wageni walilala. Clef Verte inadai maji na nishati viandikwe angalau mara moja kwa mwezi, na hakuna njia ya kukwepa hilo. Miezi kumi na miwili inapendeza zaidi, maana inashika majira ya mvua na kiangazi pia, ila huhitaji kungoja mwaka mzima ndipo uanze kuandika barua zako.

Usiku wa wageni ni muhimu kwa sababu bila huo namba hazisemi kitu. Tuseme mita imeonyesha mita za ujazo 60 kwa mwezi. Hizo ni lita 60,000. Kama walilala wageni kwa usiku 240, kila usiku umekula lita 250. Mwezi ujao wageni wakiwa nusu na maji yakabaki yaleyale, una bomba linalovuja, au kuna jirani anayechota. Wenye kisima chao wenyewe waweke mita kwenye pampu. Kusema maji ni ya bure hakutajaza safu ya fomu.

Sasa nishati, ambapo mji wetu haufanani na ule wa vitabu vya Ulaya. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hapa Katanga unatoka hasa kwenye mabwawa: Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Moshi wa nyumba yako uko kwenye gurupe na kwenye mbabula, jiko la makala. Lita moja ya mazuti (dizeli) ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa, na makala yanatoka kwenye miombo inayokatwa kuuzunguka mji, kila mwaka mbali zaidi. Kwa hiyo franga zako za kwanza zisiende kwenye paneli za kupendeza juu ya paa. Nunua mbabula iliyoboreshwa, inayotumia makala kidogo, badilisha taa zote kuwa za LED, na weka betri ndogo ya kubeba taa na simu za wageni usiku umeme ukikatika, ili gurupe isingurume kwa ajili ya balbu nne. Picha ya risiti na picha ya mbabula mpya viingie kwenye faili.

Pima nyumba yako kabla ya kupimwa

Masharti yamegawanyika: kuna ya lazima, ambayo yote yanatakiwa tangu mwaka wa kwanza, na kuna ya hiari, ambayo idadi inayodaiwa huongezeka kadiri unavyoendelea kuwa na alama. Pakua orodha, ichape, tembea nayo chumba kwa chumba na mtumishi mmoja.

Douche isimwage zaidi ya lita 9 kwa dakika. Weka ndoo chini yake, fungua kabisa, hesabu sekunde sitini, kisha pima maji kwa chupa ya lita moja na nusu. Yakizidi, kipunguza maji kinauzwa kwa fundi bomba yeyote.

Takataka zigawanywe angalau sehemu tatu. Hapa hali yetu ni nzuri kuliko tunavyodhani. Chupa za bia ya Simba tayari zinarudi kiwandani kwa kasha. Mabaki ya bukari na sombe yana mfugaji wa nguruwe anayeyangoja. Taabu iko kwenye chupa za plastiki za maji, na kwenye mifuko laini, ambayo dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 iliipiga marufuku ingawa sokoni bado unafungiwa nyanya ndani yake. Weka jagi la maji yaliyochujwa mezani na umpe mgeni glasi. Andika pia jina la anayechukua takataka na mahali anapozimwaga; kama jibu ni «sijui», hilo ndilo la kurekebisha wiki hii. Swali hilohilo litaulizwa juu ya shimo la septiki.

Upande wa chakula na zawadi, angalia chakula kiitwacho kikanda. Kinatengenezwa kwa viazi vya okidi za porini, na okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, hivyo mgeni anayevuka nacho mpaka wa Kasumbalesa anahitaji kibali. Mpikie ale hapa kama una hakika kinatoka wapi, ila usimfungie cha kubeba. Pembe za ndovu, ngozi na magamba ya kakakuona visionekane kabisa dukani kwako. Malakiti, jiwe letu la kijani, inatosha, nunua kwa wachongaji wenyewe.

Kutuma ombi

Chagua mtu mmoja wa kusimamia mazingira, hata kama nyumba ina watumishi watano tu, na umwandikie barua ya kazi hiyo. Andika sera ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa kwa ajili ya faili na kwa Kiswahili kwa ajili ya ukuta wa jikoni. Fanya mkutano na watumishi, mpige picha, mwandike tarehe na majina. Kisha wasiliana na ofisi ya kimataifa ya Green Key, ambayo hushughulikia nchi zisizo na mwakilishi wa kitaifa. Uliza gharama zote mapema na kwa maandishi: ada ya mwaka, pamoja na nauli na malazi ya mkaguzi. Nauli ikiwa kubwa, kubalianeni nyumba mbili tatu za hapa mjini mkaguliwe safari moja.

Mkaguzi huja mwaka wa kwanza na wa pili, halafu angalau mara moja kila miaka mitatu. Katikati unatuma karatasi. Yeye hatoi alama. Ripoti yake hupelekwa kwa wengine wanaoamua, kwa hiyo kumkirimu kupita kiasi hakukusaidii. Akiandika kasoro, jibu kwa picha na tarehe ndani ya muda aliokupa.

Wenye ajensi za safari wasiombe hii. Njia yao ni Travelife, yenye ngazi tatu: Engaged, Partner, kisha Certified baada ya ukaguzi.

Na ukisikia mtu anauza «cheti cha GSTC», muulize maswali. Global Sustainable Tourism Council hutunga vigezo na kuidhinisha mashirika yanayokagua. Haligawi vyeti vya hoteli. Asiyetaka kukanyaga jikoni kwako hana cha kukuthibitishia.

Alama hudumu miezi kumi na miwili. Tuma ombi la kuihuisha miezi mitatu kabla, ukiwa na daftari jipya, na kibao chenye mwaka uliopita kishushwe mlangoni.