Kabla hujaomba kazi Shangri-La ya Ghuba

Kijana anayetafuta kazi ya hoteli Muscat au Dubai huuliza mshahara kwanza. Ni swali la haki, lakini liko linalotakiwa kulitangulia: hoteli hiyo mali ya nani, na anayeiendesha ni nani? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha nani anatia saini mkataba wako, nani anakulipa, na ukidhulumiwa utamdai nani.

Shangri-La ni kampuni ya hoteli iliyoanzishwa na Robert Kuok, Mmalaysia wa asili ya Kichina aliyezaliwa Johor Bahru mwaka 1923 na kutajirika kwa biashara ya sukari. Hoteli ya kwanza ilifunguliwa Singapore mwaka 1971. Miaka ya mwanzo iliendeshwa na kampuni ya Kimarekani kwa mkataba; wenyewe walijifunza kazi kwanza, ndipo wakashika usukani. Mwaka 1984 waliingia China bara, Hangzhou, wakati nchi hiyo ndiyo kwanza inawafungulia wawekezaji wa nje. Hisa zao zimo kwenye soko la Hong Kong tangu 1993, na leo hoteli zimepita 100. Yajue haya kabla ya usaili. Msaili hatakuuliza tarehe, ila atatambua mara moja nani ameisoma kampuni na nani ametuma maombi kila mahali akisubiri bahati.

Kampuni nyingi kubwa za hoteli hazina majengo. Zinauza jina na uendeshaji tu. Shangri-La imekwenda njia yake, kwani hoteli nyingi inazimiliki yenyewe, nzima au kwa sehemu. Lakini si zote. London wamo ndani ya jengo la Shard, ghorofa ya 34 hadi ya 52, nao ni wapangaji. Muscat, hoteli za Barr Al Jissah zilizo kati ya milima na bahari zilijengwa na kampuni ya Kiomani ya Zubair, Shangri-La ikapewa kuziendesha. Kwenye mpango wa namna hiyo, mwajiri wako kisheria mara nyingi ni mwenye jengo au kampuni aliyoiunda, na viza yako inatoka kwake. Meneja mkuu anayekusaili anaweza kuhamishiwa Manila mwakani. Mwenye jengo atabaki. Kwa hiyo mkataba ukifika, litafute jina la mwajiri kabla hujatazama tarakimu.

Sasa tarakimu zenyewe. Usikubali kuambiwa jumla. Taka mshahara wa msingi uandikwe peke yake, posho peke yake, na mgao wa malipo ya huduma, yaani ada wanayoongezewa wageni kwenye bili, peke yake. Mgao huo hupanda msimu wa wageni na kushuka wakati wa joto kali, hivyo usiupangie ada ya shule ya mdogo wako. Kuna sababu kubwa zaidi: Falme za Kiarabu kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, siku 21 kwa kila mwaka wa kazi katika miaka mitano ya kwanza. Watu wawili wanaopokea jumla sawa kila mwezi wanaweza kuondoka na viinua mgongo tofauti kabisa, kwa kuwa mmoja alikubali msingi mdogo na posho nene. Uliza pia kama malazi, chakula cha zamu na usafiri vinatolewa au vinakatwa, wangapi hulala chumba kimoja, na tiketi ya likizo hulipwa baada ya muda gani.

Mawakala nitawaongelea kwa uchungu, maana hapa ndipo vijana wetu wanapoumizwa. Sheria ya Falme za Kiarabu inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Anayekutaka uuze shamba ili “akusukumie” faili amekwisha kujieleza ni nani. Nafasi za Shangri-La hutangazwa kwenye tovuti ya kampuni, anza huko. Ukipitia wakala, Kenya hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Tanzania waulize TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Na pasipoti ni yako. Mwajiri hana haki ya kuishikilia.

Kwenye kazi yenyewe, jiandae kwa mambo madogo. Anayeomba usafi wa vyumba anaweza kupewa kitanda akitandike huku msimamizi akitazama: shuka imekaza bila mkunjo, kona zimekunjwa kwa pembe moja pande zote, mito imesimama midomo ya foronya ikiwa haitazami mlango. Kisha msimamizi ataingia bafuni kutafuta unywele mmoja. Fanya zoezi hili nyumbani mpaka mikono izoee, kwa sababu kazini vyumba ni kumi na kadhaa kwa zamu. Wa mapokezi na mgahawa afanye mazoezi ya kusikiliza Kiingereza cha Wahindi, Wafilipino na Waarabu, maana hicho ndicho atakachokisikia mchana kutwa. Kampuni hurudia sana maadili yake matano: heshima, unyenyekevu, adabu, kusaidia na unyofu. Andaa kisa kimoja cha kweli kutoka kazi uliyowahi kufanya kinachoonyesha mojawapo. Na usikifiche Kiswahili chako. Muscat kuna familia nyingi zenye asili ya Unguja, na mzee wa Kiomani akiamkiwa “Shikamoo” hamsahau aliyemwamkia.

Kwa Waislamu lipo jambo la kuulizwa wazi, bila haya. Hoteli hizi huwa na baa, na mgahawa wao wa Kichina, Shang Palace, ulianza Singapore mwaka uleule wa 1971 na umefunguliwa miji mingi. Ukiwekwa sehemu ya chakula na vinywaji, pombe unaweza kupangiwa kuibeba, na kwingine nyama ya nguruwe pia. Kama hutaki, omba tangu mwanzo idara nyingine: vyumba, dobi, mapokezi, bustani. Kusema wakati wa usaili ni rahisi kuliko kubishana na msimamizi ukiwa umeshavaa sare.

Mwisho ni afya na makaratasi. Viza ya ukaazi Ghuba haitoki bila vipimo, vikiwemo vya kifua kikuu na virusi vya Ukimwi, na anayekutwa na tatizo hunyimwa ukaazi na kurudishwa. Pima nyumbani kabla hujaacha kazi uliyonayo. Vyeti vya shule na chuo vithibitishwe mapema, cheti cha tabia njema cha polisi kiwe cha karibuni, na majina yafanane herufi kwa herufi na yale ya pasipoti. Mkataba uliotiwa saini upige picha kurasa zote, nakala umwachie mama au kaka, pamoja na jina kamili la mwajiri kama lilivyoandikwa humo.