Somo: Kuchagua nyimbo za kupimia sabufa ya gari

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua sabufa, yaani spika ya sauti nzito za chini, ya inchi 12 katika duka moja la hapa Malindi, kwa sababu muuzaji alinipigia wimbo uliotikisa kioo cha mlango, nami nikalipa bila kuuliza zaidi. Siku ya pili, nikiwa njiani kwenda Gede na muziki wa dansi niliouzoea tangu utotoni, niligundua kwamba gitaa la besi, ambalo mpigaji wake hupanda na kushuka kama mtu aliye kwenye ngazi, lilikuwa likitoa sauti ile ile moja: dum, dum, dum. Wimbo wa dukani ulikuwa na noti moja tu ya besi, na noti hiyo ndiyo iliyopendwa na boksi lile lililobeba sabufa.

Hatua ya kwanza. Zima nyongeza ya besi, rudisha vidhibiti vya besi na trebo katikati, funga vioo, na upige nyimbo kutoka kwenye flashi badala ya Bluetooth. Washa injini, kwani betri peke yake hutoa volti 12 na kitu, ilhali injini ikiwaka amplifaya hupata karibu volti 14.

Hatua ya pili. Chagua wimbo wa dansi au rumba ambao gitaa lake la besi linatembea, na ambao unaujua kwa moyo. Uzi mnene kuliko wote katika gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutoa takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), kwa hiyo wimbo wa namna hii unapita katika sehemu kubwa ya kazi ya sabufa. Ifuate besi peke yake, uiimbe kwa mdomo. Noti moja ikivimba na jirani yake ikapotea, kasoro iko kwenye boksi au mahali lilipowekwa, wala kuongeza sauti hakutaitibu.

Hatua ya tatu, ambayo mimi huipa muda mrefu kuliko zote, ni ngoma. Tafuta chakacha iliyorekodiwa vizuri, yenye vumi halisi, ile ngoma ya sauti nzito. Aliyewahi kukaa karibu na vumi harusini anajua kwamba pigo lake lina sehemu tatu: mguso kwenye ngozi, mvumo unaojaa kifuani, kisha ukimya kabla ya pigo linalofuata. Spika za mbele ndizo zinazoleta mguso, sabufa huleta mvumo, na mambo hayo mawili yanapaswa kukufikia kama pigo moja, bila mvumo kuchelewa nyuma kama mwangwi. Kisha sikiliza ukimya. Boksi lenye tundu lililopimwa vibaya huburuta mvumo hadi ukalifunika pigo la pili, na hapo mapigo ya haraka yanageuka uji. Wengi husikiliza jinsi sabufa inavyopiga. Mimi nasikiliza jinsi inavyonyamaza, kwa sababu kupiga kwa nguvu ni jambo ambalo hata sabufa mbovu hulimudu.

Hatua ya nne ni besi ya mashine. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotoka Japani mwaka 1980, ndiyo iliyowazoesha wapenzi wa hip hop ule mvumo mrefu unaoweza kushuka chini ya hezi 50. Anza kwa sauti ndogo, uipandishe taratibu. Ukisikia upepo ukifoka kwenye tundu la boksi, au mlio mkavu wa koili (waya uliosokotwa unaosukuma sabufa) ikigonga mwisho wa safari yake, au ukinusa harufu ya kuungua, punguza papo hapo.

Hatua ya tano ni fupi: piga wimbo wa udi na sauti ya mwanamume. Sauti yake ikionekana kutoka kwenye buti, shusha krosova, yaani kidhibiti cha kikomo cha juu cha sauti zinazoingia kwenye sabufa, hadi karibu hezi 80.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Watamu: Mwalimu, je, nyimbo nilizopakua bure mtandaoni zinafaa?

Jibu: Ndugu yangu, faili dogo la kilobiti 128 kwa sekunde huharibu kwanza sauti za juu, kama vile matoazi, lakini besi yenyewe husalimika zaidi kuliko watu wanavyodai. Hata hivyo tumia kilobiti 320 ukipata. Ninachokukataza kabisa ni zile nyimbo zilizoongezwa besi na mtu mwingine, kwani mikwaruzo yake utaidhania kuwa ni ya sabufa yako.

Swali kutoka Gede: Besi yangu hupungua nikiwasha spika zote pamoja. Nifanye nini?

Jibu: Geuza nyaya mbili za sabufa, chanya mahali pa hasi, kisha rudia hatua ya tatu. Besi ikijaa, ziache hivyo: sabufa na spika za mbele zilikuwa zikivutana.

Swali kutoka Lamu: Shukran, mwalimu. Huku kwetu magari ni machache, nami sabufa nimeifunga kwenye boti ya abiria. Je, nifuate hatua hizi hizi?

Jibu: Zifuate, ila usitarajie kina kile kile. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa takriban mita 8.5, kupita urefu wa ndani ya gari dogo, na kwa hiyo ndani ya gari lililofungwa sabufa huisukuma hewa yote kama pampu, na noti za chini kabisa huongezeka nguvu. Boti iliyo wazi haina msaada huo. Iache hatua ya nne, maana utailazimisha koili hadi iungue bila kupata unachokitafuta. Pima kwa gitaa na vumi, na vichwa vya nyaya uvipake grisi, kwa sababu chumvi huvila.