Somo: Hesabu waliozaliwa kwanza, ndipo uhesabu waliokufa

Asalaam aleikum na habari za jioni, wanakikundi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii watatu, wa Muheza na Pangani, wameniuliza jambo lile lile kila mmoja kwa wakati wake: tutajuaje kama watoto wa kata yetu wana hali nzuri kuliko miaka ya nyuma? Nimeshughulika na takwimu za afya hapa Tanga miaka mingi, na jibu langu ni kuhesabu. Wangapi wameugua, wangapi wamefariki, kati ya wangapi. Hilo la mwisho ndilo linalotuponyoka, kwa hiyo leo nitakaa nalo.

Hatua ya kwanza: pata idadi ya vizazi hai

Kizazi hai ni mtoto aliyetoka tumboni akaonyesha dalili yoyote ya uhai: amelia, amepumua, moyo umepiga, kitovu kimedunda, au kiungo kimejongea. Hata kama ni kwa dakika moja tu. Asiyeonyesha dalili hata moja ni aliyezaliwa mfu, naye anaandikwa mahali pake, hachanganywi na wengine.

Anza na kitabu cha wodi ya wazazi na kadi za kliniki. Kisha toka nje. Waliozaliwa nyumbani, au njiani juu ya bodaboda, hawamo kitabuni.

Niliwahi kufika kijiji kimoja ambacho taarifa ya mwaka mzima ilionyesha sifuri kwenye vifo vya vichanga, yaani watoto wa chini ya siku 28. Sifuri. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na shaka, nikaenda kwa bibi mmoja mkunga wa jadi. Tuliketi mkekani. Hakusema neno kwanza. Alichomoa chelewa kwenye ufagio wake, akaanza kuzivunja na kuzilaza moja moja. Nzima kwa waliolia kisha wakafariki, nusu kwa ambao hawakulia. Alipomaliza, mkekani zilikuwepo chelewa nne nzima na nusu tatu. Vizazi hai vinne na vifo vinne ambavyo havikuandikwa popote. Hakuna aliyeficha kwa ubaya. Mtoto alikufa kabla ya siku ya saba, hajapewa jina, hajafanyiwa akika, mama yuko ndani bado hajatimiza arubaini; watu walimzika kimya wakasema Mungu amechukua amana yake. Tangu siku hiyo siamini sifuri mpaka niketi na bibi kama yule.

Hatua ya pili: andika umri wa kufa kwa uangalifu

Mafungu ni matatu: chini ya siku 28, chini ya mwaka mmoja, na chini ya miaka mitano. Fungu dogo limo ndani ya kubwa. Aliyefariki siku ya tatu anahesabiwa kwenye yote matatu.

Mama akikwambia "alikuwa wa mwaka", usiandike miezi 12 papo hapo. Wengi husema mwaka kwa mtoto wa miezi kumi na kwa wa miezi kumi na nne pia, na hapo hesabu ya chini ya mwaka mmoja inapungua bila sababu. Muulize taratibu: alishasimama dede? Alishachomwa ile sindano ya surua ya miezi tisa? Wengine watakupa mwezi wa Kiislamu, mathalani Mfungo Sita. Pokea, lakini kumbuka mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Mfungo Sita wa mwaka juzi hauangukii tarehe za mwaka huu. Tembea na kalenda yenye miezi ya Kiislamu na ya kawaida pamoja.

Na usiende na daftari msibani. Acha tanga lianuliwe, mpe mama muda, kisha nenda na mtu anayemfahamu.

Hatua ya tatu: piga hesabu

Tuchukue kata ya mfano, namba ni za kufundishia tu. Mwaka mmoja kuna vizazi hai 400. Waliofariki kabla ya siku 28 ni 9. Waliofariki baada ya hapo lakini kabla ya kutimiza mwaka ni 4. Waliofariki wakiwa na mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano ni 5.

Vichanga: 9 gawanya kwa 400, zidisha kwa 1,000, unapata 22.5 kwa kila vizazi hai 1,000.
Chini ya mwaka mmoja: 13 kwa 400, ni 32.5.
Chini ya miaka mitano: 18 kwa 400, ni 45.

Hiyo ya tatu ni ya kukadiria, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu aliyefariki mwaka huu hakuzaliwa mwaka huu. Kwa kata inatosha.

Sasa angalia nini kinatokea ukikosa akina chelewa nzima. Ukisahau vichanga vinne tu, kuzaliwa kwao na kufa kwao, unabaki na 5 kwa 396: 22.5 inashuka hadi kama 12.6, na mtu atasimama kwenye kikao kupongeza kata kwa kukaribia lengo la dunia la mwaka 2030, ambalo ni vichanga wasiozidi 12 na wa chini ya miaka mitano wasiozidi 25 kwa kila vizazi hai 1,000. Pongezi hiyo ndiyo inayomnyima mama wa mwakani mkunga wa pili na mashine ya kumsaidia kichanga kupumua.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu namba za taifa zinatuelekeza huko huko. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 1999 ulionyesha vifo 147 vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa kila vizazi hai 1,000. Mwaka 2004-05 vilikuwa 112, mwaka 2015-16 vilikuwa 67, mwaka 2022 vikafika 43. Ni kazi kubwa: chanjo, vyandarua, dawa mseto. Lakini vichanga walikuwa 25 mwaka 2015-16, na mwaka 2022 bado walikuwa 24. Zaidi ya nusu ya watoto tunaowapoteza kabla ya miaka mitano tunawapoteza ndani ya siku 28 za mwanzo, na hao hao ndio wanaozikwa bila kuandikwa.

Hatua ya nne: maradhi

Hapa nitapita haraka. Kuna hesabu mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni ya wagonjwa wapya katika kipindi. Kata ina watoto 1,600 wa chini ya miaka mitano, mwaka mzima malaria imethibitishwa mara 240: ni mara 150 kwa kila watoto 1,000. Mtoto aliyeugua mara tatu amehesabiwa mara tatu, na ni sawa. Ya pili ni ya walio nao ugonjwa siku ile unayopima. Ukisikia malaria kwa watoto nchini ilikuwa asilimia 14 mwaka 2015-16 na asilimia 8 mwaka 2022, ni hiyo ya pili: watoto walipimwa majumbani, wagonjwa na wasiojihisi wagonjwa.

Ongeza ya tatu ukiwa kituo chenye kulaza: kati ya waliolazwa kwa nimonia kali, wangapi walifariki. Watatu kati ya 40 ni asilimia 7.5. Hiyo inasema habari ya matibabu na ya kuchelewa kufika.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Pangani: Shikamoo mwalimu. Mwaka jana kata yetu ilikuwa na vifo viwili vya vichanga, mwaka huu vinne. Mtendaji anasema vimeongezeka maradufu na ametukaripia. Ni kweli?*

Marahaba mwanangu. Namba ndogo hivyo hupanda na kushuka zenyewe. Jumlisha miaka mitatu, vifo na vizazi, ndipo ulinganishe. Lakini usimwambie Mtendaji kuwa si kitu. Chukua vifo vyote vinne uvifuatilie kimoja kimoja: mama alianza uchungu saa ngapi, alifika saa ngapi, usafiri ulikuwa nini. Ukikuta watatu walikwama wakisubiri kivuko, hilo ndilo la kumpelekea.

*Mwanachama, Korogwe: Tangu wahudumu wapewe vipimo vya haraka, malaria kwa watoto imepanda kwenye taarifa. Watoto wanaugua zaidi?*

Huenda hapana. Ukipima wengi utakuta wengi. Andika na waliopimwa: zamani 30 kati ya 100, sasa 60 kati ya 300. Wagonjwa wameongezeka kwenye karatasi, ila waliokutwa nayo wameshuka kutoka asilimia 30 hadi 20.

*Mwanachama, Mkinga: Mtoto wa kijijini kwetu alifia Hospitali ya Bombo. Tunamwandika sisi au wao?*

Hospitali itamwandika kwenye taarifa zake za waliolazwa. Kwenye hesabu ya kata ni wenu, alikokuwa akiishi mama yake. Tukihesabu kwa mahali pa kufia, Jiji la Tanga litaonekana ndiko watoto wanakoangamia, kumbe ndiko wanakopelekwa kuokolewa. Na hakikisheni alihesabiwa kwenu kwenye vizazi pia.

*Mwanachama, Muheza: Mama amejifungua nyumbani, mtoto akalia mara moja akanyamaza. Familia wanasema aandikwe mfu, wasiulizwe mengi. Nifanyeje?*

Pole kwako na kwao. Alilia, basi ni kizazi hai, na kifo chake ni cha siku ya kwanza. Mwandike hivyo. Kaa na familia uwaeleze kwamba hakuna anayetafutiwa kosa, na kwamba kituo kinataka kujua ili mimba ijayo mama aanze kliniki mapema na asijifungulie nyumbani. Kama hawako tayari leo, rudi baada ya arubaini, ila daftari lako lisingoje.