Kupeleka ampia laki 2 kwenye honi ya akselereta: laini yako uipigie hesabu hivi

Mwambie fundi umeme mzoefu unataka kupitisha ampia laki 2, swali la kwanza atakalokuuliza ni shaba ina unene gani. Na hapo ndo wengi wanapotea kabla hata hawajaanza, maana kwenye laini za palsi, yaani zinazopitisha mkondo mkubwa kwa mipigo mifupi mifupi, unene sio tatizo kubwa, tatizo ni mkondo unarudi kupitia njia gani na iko umbali gani na ile ya kwenda. Hilo ukilishika mengine yote yanakaa sawa, ukilikosa hata ununue shaba ya kujaza kontena haitakusaidia.

Naongelea laini zinazolisha honi za sumaku, zile alizobuni Simon van der Meer pale CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, mwaka 1961. Protoni zinagonga tageti (kipande cha kulengwa), zinatoka chembe za muda mfupi ziitwazo payoni na kaoni zimetawanyika kila upande, honi inazibana zielekee mbele, afu zikioza zinakupa bimu ya nyutrino. Ili ibane vizuri honi inataka mkondo wa kutisha kwa muda mfupi sana: bimu ya nyutrino ya NuMI kule Fermilab Marekani inatumia kiloampia 200, honi za jaribio la T2K kule J-PARC Japani zimesanifiwa kwa 320. Chumba cha pawa saplai lazima kikae mbali na mionzi, kwaiyo katikati kuna mita kadhaa za laini ya kuchora na hiyo ndo kazi yetu.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Mkondo kilele ampia 200,000, palsi ni nusu wimbi la sini la milisekunde 2.3, inarudia kila sekunde 1.33, laini ina urefu wa mita 60. Honi zenyewe na viunganishi tuseme zina indaktansi (ukinzani wa saketi dhidi ya mkondo kubadilika) kama maikrohenri 1.4.

Kabla ya kitu chochote tafuta kasi ya mkondo kupanda, ambayo ni pai gawanya kwa muda wa palsi zidisha kwa kilele. Hapa inatoka kama ampia milioni 273 kwa sekunde. Iandike ukutani kabisa, kwa sababu voltezi yote utakayohitaji ni namba hiyo mara indaktansi, plus kidogo cha resistansi.

Sasa ona. Ukilaza kebo mbili nene tu, moja ya kwenda moja ya kurudi, zimeachana sentimita 30, kila mita inakupa karibu maikrohenri 1.2. Mita 60 ni maikrohenri 72, voltezi karibu elfu 20, na hapo hata honi hujaigusa bado. Lakini chukua mabamba mawili mapana ya sentimita 30 yatazamane kwa nafasi ya milimita 10 tu, indaktansi ya mita moja ni mu-noti (ile namba isiyobadilika ya sumaku) mara nafasi gawanya upana, yaani nanohenri 42. Weka jozi 4 kama hizo sambamba unashuka mpaka nanohenri 10.5 kwa mita, laini nzima maikrohenri 0.63, voltezi 172. Kutoka elfu 20 mpaka 172 na chuma hujaongeza cha maana, umebadilisha umbo tu! Hii laini ya mabamba wenyewe wanaiita striplaini.

Ukijumlisha na honi una maikrohenri 2, kama volti 550 hivi, na benki ya kapasita unaitoa kwenye fomula ya saketi ya LC, yaani indaktansi L na kapasita C: muda wa palsi ni pai mara kipeuo cha pili cha (L mara C), ukiigeuza unapata farad 0.27 hivi. Ndio, farad, sio maikrofarad. Na ujue ukifupisha palsi kuwa milisekunde 0.8 ili upunguze joto, voltezi inapanda karibu mara 3. Hakuna cha bure hapa.

Mabamba ya nini? Alumini. Shaba inapitisha umeme vizuri zaidi lakini ni nzito, na karibu na tageti inabaki na mionzi mikali muda mrefu kuliko alumini, na atakayekuja kubadilisha hiyo honi mwaka kesho ni binadamu. Kundi la 6101 la alumini limetengenezwa maalumu kwa ajili ya basiba (mabamba ya kupitisha umeme), tumia hilo. Unene usijisumbue: mkondo wa palsi hauingii ndani ya chuma, unatambaa juu juu upande unaotazamana na bamba pacha, na kwa palsi ya milisekunde 2.3 kina chake kwenye alumini ni karibu milimita 6. Bamba la milimita 9.5 linatosha kabisa, ukiweka la 20 zile milimita za ziada ni uzito na nguvu za kushikilia tu, umeme hauzijui.

Joto. Usitumie kilele, tumia mkondo wa rms, yaani ule wa wastani unaopasha joto sawa: kilele kwa kipeo cha pili, gawanya 2, mara muda wa palsi, gawanya kwa sekunde 1.33, afu toa kipeuo cha pili. Inatoka ampia 5,900 hivi. Resistansi ya jozi 4 kwenda na kurudi, ukihesabu zile milimita 6 tu, ni maikroohm 8.5 kwa mita, kwaiyo unachoma wati 290 kwa kila mita. Sio nyingi sana, palsi moja inapandisha joto chini ya sehemu moja ya mia ya digrii, ila usipoipoza kila saa inaongeza karibu digrii 19, na ikipoa yenyewe kwa hewa iliyotulia inaweza kutulia hata karibu na digrii 100 juu ya chumba. Kwaiyo feni, hewa ipite katikati ya mabamba sio nje tu. Afu kwenye mita za mwisho karibu na honi kuna joto lingine linaloletwa na chembe zenyewe zinazopiga chuma, hilo fomula ya mkondo haikupi, unamuomba mtu wa simulesheni ya mionzi.

Hewa yenyewe nayo ina mambo yake. Hewa ya kawaida ikipigwa na mionzi inatengeneza ozoni na asidi ya nitriki, na agoni iliyomo inageuka agoni-41 yenye mionzi. Ndio maana T2K wameweka honi ndani ya chombo cha heliamu, na mradi wa LBNF kule Fermilab umechagua naitrojeni. Kama mradi wako ni mdogo baki na hewa kavu, ila ijue.

Haya, nguvu. Hapa ndo mimi napapenda zaidi na ndo watu wanaparuka. Mikondo miwili inayopishana inasukumana, kwa mabamba mapana nguvu kwa mita ni mu-noti mara mkondo kwa kipeo cha pili gawanya kwa mara 2 ya upana. Ukipitisha laki 2 zote kwenye jozi moja unapata kilonyutoni 84 kwa kila mita, uzito wa tani 8 na nusu unaotaka kutenganisha mabamba kila sekunde na kitu. Ukigawa kwenye jozi 4 kila jozi inabeba elfu 50 na nguvu inashuka mara 16, kilonyutoni 5.2. Hiyo ndo sababu ya pili ya jozi 4 ukiacha indaktansi.

Sasa klampu uziweke umbali gani? Ukiweka kila nusu mita, bamba linapinda kati ya klampu na mkazo unatoka megapaskali 24. Mtu anaona aah ndogo hiyo, alumini inabeba zaidi. Subiri kwanza, kwa mwaka mmoja wa kazi hizi ni palsi zaidi ya milioni 15 na alumini haina kiwango ambacho chini yake haichoki, inachoka tu polepole. Basi unasogeza klampu ziwe kila sentimita 35, mkazo unashuka nusu, megapaskali 12, unafurahi. Lakini pima mtetemo! Bamba la milimita 9.5 lililobanwa kila sentimita 35 linatetema lenyewe karibu mara 400 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 2.5, na palsi yako ni milisekunde 2.3. Umeipatia bembea msukumo pale pale inapoutaka. Mkazo halisi unaweza kupanda kama mara 1.7 na faida uliyoipata karibu yote imekwenda. Sogeza mpaka sentimita 25, mtetemo unakuwa karibu 800 kwa sekunde, mkazo wa kawaida megapaskali 6, na nyongeza ya mtetemo ni ndogo. Hapo sasa unalala. Sio nadharia hii, mwaka 2015 honi ya NuMI iliyojengwa kwa ajili ya bimu ya kilowati 700 iliharibika kwa sababu mabamba ya striplaini yalichoka yakavunjika.

Klampu zisiwe za chuma cha kawaida kinachoshikwa na sumaku, na zisifunge duara kamili la chuma kuzunguka laini, zitaingiwa na mkondo wake na kupata moto. Alumini au stenlesi isiyoshika sumaku. Bolti ikipita kwenye mabamba ya kwenda na ya kurudi iwe na shati la insuleta, la sivyo umetengeneza shoti kwa mikono yako. Insuleta za karibu na bimu ziwe seramiki ya alumina, teflon isahau kabisa, inaharibika mapema mno kwenye mionzi, mbali kidogo unaweza kutumia plastiki ngumu kama polimaidi au peek.

Kona. Bamba kulikunja upande wa unene ni rahisi na mkondo haujali sana. Kulikatisha kona upande wa upana ni balaa, mkondo wote unakimbilia pembe ya ndani na pale ndo joto na nyufa zinaanzia, kwaiyo izungushe pembe, usiache kali. Na kona lazima uwe nazo, maana laini ikipita moja kwa moja kwenye ukuta wa kinga umefungua dirisha la mionzi kuelekea chumba cha pawa saplai. Ipindishe ndani ya ukuta. Usisahau pia alumini inatanuka, mita 60 zikipanda digrii 30 zinarefuka zaidi ya sentimita 4, weka vipande laini vya karatasi nyembamba za alumini zilizopangwa, na uviweke mahali ambapo vinaweza kufikiwa.

Jointi. Laini nyingi haziungui katikati, zinaungua kwenye jointi. LHC, akselereta ya CERN yenye sumaku za sapakondakta, tarehe 19 Septemba 2008 ilisimama zaidi ya mwaka kwa ajili ya jointi moja ya basiba iliyokuwa na nanoohm 220 wakati ilitakiwa isifike hata 1, mkondo ulipofika kiloampia 8.7 ikafunguka, tao la umeme likatoboa chombo, heliamu tani kadhaa zikamwagika na sumaku 53 zikatolewa nje. Kwenye alumini yetu ya joto la kawaida nanoohm 220 ni jointi nzuri kabisa, joto lake hutalisikia hata kwa mkono, ila kule kwenye kelvini 1.9 hakuna pa kupeleka wati hata 17. Mradi wako ukiwa wa sapakondakta basi sheria za jointi ni nyingine kabisa usichukue zangu.

Kwa alumini: nyuso zipakwe silva, ziwe bapa kweli kweli, zifungwe kwa springi washa zile za umbo la sahani ili joto likipanda na kushuka mkandamizo ubaki, na spana iwe ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, sio ya kukisia. Bamba moja linabeba robo ya mkondo, kwaiyo jointi ya maikroohm 1 inachoma wati 2 tu, lakini ikioza ikafika 20 ni wati 43 mahali pa ukubwa wa kiganja, ndani ya ukuta, na huwezi kwenda kushika. Jointi ya mwisho kabisa pale honi inapofungwa ichorwe ifunguliwe kwa mbali kwa shafti ndefu kupitia kinga, maana honi ikifa hakuna mtu anayesogea pale na spana mkononi.

Kupima jointi sio mita ya kawaida. Pitisha ampia 100 za dc, gusa sindano mbili kila upande wa jointi, maikrovolti 100 ni maikroohm 1. Pima zote, andika zote kwenye daftari na namba ya kila jointi. Kwenye kila jozi funga koili ya Rogowski, ile inayozungushwa laini kupima mkondo wa palsi, mikunjo minne kwenye skopu inatakiwa ilaliane, mmoja ukijitenga kuna bamba limesogea au limekatika.

Siku ya kuwasha: kila palsi inabeba kilojuli 40 ndani ya laini na honi, na benki ikiwa imechajiwa inazo hata kama umezima kila kitu, kwaiyo resistansi za kumwaga chaji ziwe mbili zinazojitegemea na fimbo ya ethi ining'inie mlangoni. Anza na robo ya mkondo. Sikiliza, laini nzuri inagonga kwa sauti moja, ukisikia mlio wa bati kuna klampu imelegea. Panda nusu, panda robo tatu, kila hatua uache joto litulie uangalie kwa kamera ya joto kabla ya kufunga kinga. Ukifika kilele iache masaa kadhaa, zima, subiri, weka fimbo ya ethi, afu pima jointi zote upya na ulinganishe na namba za kwanza kwenye daftari, ile iliyopanda maradufu ifungue hata kama bado iko chini ya kiwango.