Namna ya Kujaribu Seti Mpya ya Vishale kabla ya Kuiacha ya Zamani

Mchezaji wa vishale (darts) anayenunua seti mpya kwa kawaida huirusha jioni ileile, akapata alama nyingi kuliko alivyozoea, kisha akaiweka kando seti yake ya zamani. Uamuzi huo hutolewa mapema mno. Kishale kipya humlazimisha mtu kuwa makini, kwa kuwa mkono haujakizoea, na umakini huo peke yake unatosha kupandisha alama kwa muda. Ukishapungua, mkono hurudia hali yake na mchezaji hubaki akijiuliza kilichoharibika ni nini. Kwa sababu hiyo napendekeza jaribio la utulivu, ambamo seti mbili hushindanishwa katika mazingira yaleyale, na kinachopimwa ni jinsi vishale vinavyokaribiana ubaoni, wala si jumla ya alama.

Kabla ya kukilaumu au kukisifu kishale, hakikisha ubao umetundikwa sawasawa. Kitovu cha ubao kinatakiwa kuwa sentimita 173 kutoka sakafuni, na mstari wa kurushia uwe sentimita 237 kutoka usawa wa uso wa ubao. Wengi hupima kutoka ukutani, wakasahau kwamba ubao wenyewe una unene wa karibu sentimita 4, hivyo wakajikuta wamesogea karibu kuliko kanuni inavyotaka. Tundika timazi mbele ya uso wa ubao, weka alama inapogusa sakafu, kisha pima kutoka hapo. Ukitaka kuhakiki, vuta kamba kutoka kitovu cha ubao hadi kwenye mstari sakafuni: inapaswa kuwa na urefu wa sentimita 293 na ushei.

Hali ya ubao nayo ina uzito wake. Ubao mzuri hutengenezwa kwa nyuzi za mkonge zilizoshindiliwa, zao lilelile lililoletwa Tanganyika mwaka 1893, na baadhi ya mbao mashuhuri zinazouzwa Ulaya hutengenezwa Kenya. Nyuzi hizo hufunguka kuipisha ncha, kisha hujifunga ncha ikitolewa. Sehemu ya 20, moja ya sehemu zenye namba ubaoni, ikishachakaa kwa kurushiwa kila siku, kishale chochote kitaanguka, hata kiwe bora namna gani. Basi ondoa duara la namba, uzungushe ubao, ulirudishe duara ili 20 iangukie sehemu ambayo bado ni nzima.

Sasa kagua vishale vyenyewe. Fungua mikia (vijiti vya nyuma) na mabawa yaliyo mwishoni mwake, upime miili mitatu, yaani sehemu nzito za kushikia, kwenye mizani ndogo ya kielektroniki kama zile za masonara. Vikitofautiana kwa zaidi ya sehemu chache za kumi za gramu, irudishe seti dukani ukiweza. Viringisha kila mwili juu ya kioo: uliopinda utaonekana ncha yake ikiyumba. Pitisha kidole kwa uangalifu kwenye ncha, na ukihisi kijino cha chuma kilichojikunja, kisugue taratibu kwa kinoo. Usiichonge ncha ikawa kali kama sindano, kwa maana ncha ya namna hiyo hukata nyuzi za ubao na hupinda upesi inapogonga waya unaotenganisha sehemu za ubao.

Kuhusu uzito, kanuni za mashindano zinaruhusu kishale hadi gramu 50, lakini wachezaji wengi huishia kati ya gramu 21 na 26. Tungsteni hupendwa kwa sababu, kwa ujazo uleule, ina uzito unaozidi mara mbili ule wa shaba, hivyo mwili wake unaweza kuwa mwembamba na vishale vitatu vikaingia pamoja katika ukanda wa mara tatu (pete nyembamba inayozidisha alama mara tatu), ambao upana wake ni milimita 8 tu. Ukihama uzito, usihame kwa zaidi ya gramu 2 kwa mpigo mmoja. Kishale chepesi kuliko ulichozoea kitapanda juu mwanzoni, kwa kuwa mkono bado unatoa nguvu ileile. Usihamishe shabaha yako kwa ajili hiyo, uache mkono ujirekebishe.

Mshiko ndio unaohitaji subira kubwa zaidi. Kiweke kishale kilichokamilika juu ya kidole kimoja hadi kitulie, uone kama vidole vyako kwa mazoea hushika hapo, mbele yake au nyuma yake. Michirizi mikali iliyochongwa kwenye mwili wa kishale huwasaidia wenye mikono mikavu wasidondoshe kishale, lakini inaweza kuvinasa vidole wakati wa kuachia, na dalili yake ni kishale kuchelewa kutoka na kushuka chini ya lengo. Kwa wanaocheza Dar es Salaam au Mombasa, fanyeni jaribio hili saa zilezile mnazocheza mechi zenu, maana jasho hubadili mshiko kabisa, na kishale kilichoshikika vizuri asubuhi yenye upepo kinaweza kuteleza usiku.

Kwa jaribio lenyewe, fungia kwenye miili mipya mikia na mabawa ya aina ileile unayotumia siku zote, ili kilichobadilika kiwe kimoja. Rusha mizunguko kumi, kila mmoja wa vishale vitatu, kwa seti ya zamani ukilenga ukanda wa mara tatu wa 20, kisha mizunguko kumi kwa seti mpya. Siku inayofuata anza na mpya. Baada ya kila mzunguko, pima kwa futi ya fundi cherehani umbali kati ya vishale viwili vilivyoachana zaidi, uandike. Tuseme vishale vitatu vimekaa ndani ya sentimita 4, vyote katika sehemu pana ya 20: umepata 60. Mzunguko mwingine, kimoja kimeingia mara tatu ya 20, kimoja kimekwenda kwenye 1, na cha tatu kwenye 5: umepata 66. Alama zimeongezeka, ilhali urushaji umeharibika, na ndiyo maana ninasisitiza umbali.

Usiishie kwenye 20, kwa sababu mchezo wa 501, ambao alama hupunguzwa kutoka 501 hadi sifuri, humalizwa kwa ukanda wa mara mbili, yaani pete ya nje inayozidisha alama mara mbili. Jaribu mara mbili ya 16, iliyo upande wa chini kushoto, ambapo mkono hubadili mwelekeo na makosa ya mshiko hujitokeza wazi.

Mwisho tazama jinsi kishale kinavyosimama. Mkia ulioinuka kidogo ni mzuri. Ukiinuka mno, au ukilala, hukifunika kile unachotaka kulenga kwa kishale kinachofuata. Kishale kikiyumba hewani, jaribu mabawa mapana zaidi, na kama bado kinayumba, rudisha mabawa ya awali kisha ujaribu mkia mrefu zaidi. Mabawa mapana hutuliza mwendo, ila hugongana vishale vikikaribiana, kwa hiyo mwenye mkusanyiko mzuri huenda akapendelea membamba.

Endelea hivyo kwa muda wa majuma mawili, na ndani yake uweke angalau mechi moja dhidi ya mpinzani anayekusumbua. Unaposoma kumbukumbu zako, anza na mizunguko mibaya zaidi ya kila seti, kwa kuwa mechi nyingi hupotea hapo. Seti ambayo mizunguko yake mibaya haikusambaa sana ndiyo ya kuchagua, hata kama ile nyingine ilikupa 180, alama za juu kabisa za mzunguko mmoja, siku moja. Zikilingana, bakia na ya zamani, ambayo mkono tayari unaijua, na ile mpya uihifadhi ikiwa kamili bila kung'oa mikia yake kuziba pengo la seti nyingine.